Masalio ya Maneno: Uhakiki wa Mchezo wa Fallout: New Vegas

Michezo ya kompyuta haijapata nafasi yake katika uhakiki wa Kiswahili, na sababu zake si ngumu kuzitambua. Aghalabu michezo hiyo huhesabiwa kuwa pumbao la vijana, jambo la kupitishia wakati tu. Isitoshe, mhakiki aliyezoea kuishika kazi mkononi na kuifungua ukurasa baada ya ukurasa hana hakika aanzie wapi mbele ya kazi ambayo watu wawili hawawezi kuipitia kwa njia moja. Hata hivyo ipo michezo ambayo uzito wake umo katika maneno kuliko katika bunduki, na kuinyamazia ni kuiacha kazi ya lugha ipite bila ya kupimwa na watu wa lugha. Mmojawapo ni Fallout: New Vegas, uliotungwa na kampuni ya Obsidian Entertainment ya Marekani na kutolewa na Bethesda Softworks mwezi wa Oktoba, 2010. Msimamizi wa utungaji alikuwa Josh Sawyer, na mwandishi mkuu wa hadithi alikuwa John Gonzalez. Lakini kama ilivyo katika filamu, kazi hii ni ya wengi, na kila litakapotumika hapa neno "mtunzi" lichukuliwe kuwa ni jina la jumuiya hiyo yote.

Hadithi yenyewe hutokea baada ya kiama kilicholetwa na binadamu. Katika historia ya kubuni ya mfululizo huu wa michezo, ulioanza mwaka 1997, Marekani na Uchina zilipigana kwa mabomu ya nyuklia tarehe 23 Oktoba 2077, na ulimwengu ukateketea katika muda wa saa chache. New Vegas inatupa macho miaka zaidi ya mia mbili baadaye, mwaka 2281, katika jangwa la Mojave. Jiji la Las Vegas halikuangamia kama mengine, kwa kuwa tajiri mmoja mwenye viwanda vya roboti, Bwana House, alikuwa ameandaa mitambo ya kuyaangusha makombora kabla hayajafika. Mhusika mkuu hana jina. Hujulikana kwa kazi yake tu, nayo ni kazi ya utarishi. Amekabidhiwa kidude cha platini akipeleke mjini, akavamiwa njiani, akapigwa risasi ya kichwa na kuzikwa katika makaburi ya kijiji cha Goodsprings. Anafukuliwa na roboti, anatibiwa na mganga wa kijiji, kisha anaanza safari ya kumsaka aliyemwua. Safari hiyo inamwingiza katika ugomvi mkubwa zaidi: Jamhuri ya California Mpya, jeshi la watumwa na mabwana liitwalo Lejioni ya Kaisari, na Bwana House mwenyewe, wote wanaligombania Bwawa la Hoover lenye maji na umeme. Mchezaji aweza kumuunga mkono yeyote kati ya hao, au awageuke wote na kujitwalia jiji kwa msaada wa roboti mmoja asiyejua kusema la.

Kwamba mtunzi amemchagua tarishi si jambo la kupita. Tarishi huchukua maneno ya watu wengine na kuyafikisha. Mzigo si wake wala ujumbe si wake. Katika mchezo huu ndiye anayegeuka kuwa mtu ambaye maneno yake huamua nani atatawala. Hili ni wazo zuri la kifasihi, na mtunzi amelitumia kwa werevu kwa kumnyima mhusika huyu sauti. Wahusika wengine wote wamesemewa na waigizaji, lakini maneno ya tarishi huandikwa tu kwenye kiwambo, sentensi nzima nzima, na mchezaji huyasoma kabla ya kuyachagua. Anayetaka kuona thamani ya uamuzi huo na alinganishe na Fallout 4, iliyotolewa na Bethesda mwaka 2015. Huko mhusika mkuu amepewa sauti, na mchezaji huonyeshwa vijineno vichache vya kudokeza, vinne kwa wakati mmoja, bila ya kujua hasa ni nini kitakachotoka kinywani mwake. Mchezaji wa Fallout 4 huteua mwelekeo wa mazungumzo, ambapo mwenzake wa New Vegas huteua kauli yenyewe, na mtu wa lugha hahitaji kuelezwa umbali ulioko baina ya mambo hayo mawili.

Ila utajiri mkubwa wa kazi hii umo katika kile ambacho watu wa Mojave wanakifanya na mabaki ya lugha za waliowatangulia. Fasihi ya baada ya kiama hupenda kuhesabu masalio ya vitu: makopo, magari yenye kutu, majengo yaliyobomoka. Hayo yote yamo, lakini mtunzi ameona kwamba binadamu aliyenusurika huokota maneno pia, na kuyavaa kama anavyovaa nguo za marehemu. Katika mtaa wa maskini wa Freeside kuna genge liitwalo Wafalme. Waasisi wake walilikuta jengo la kale lililokuwa chuo cha kuwafundisha watu kumwiga mwimbaji Elvis Presley. Kwa kuziona picha zake kila ukutani, walidhani wameingia mahali pa ibada. Wakajifunza mtindo wa nywele, mwendo na lafudhi. Wanazungumza kwa sauti yake hata leo, lakini jina lake hawalijui. Kwao yeye ni Mfalme tu. Mchezaji hucheka, kisha kicheko kinampungukia, kwa kuwa genge hilo lililojengwa juu ya kosa la kusoma ndilo linalowalinda maskini wa mtaa huo pasipo na mwingine wa kuwalinda.

Upande wa pili wa ukuta, katika barabara kuu ya kasino, jambo hilo hilo limefanywa kwa amri. Bwana House alipotaka jiji lake lirudie utukufu wa zamani aliyakusanya makabila matatu ya jangwani, akayavika suti, akayapa majina mapya na namna mpya ya kusema. Benny, yule aliyempiga tarishi risasi, ni mtu wa kabila la wazururaji, lakini husema kwa misemo ya wanamuziki na wacheza kamari wa Las Vegas ya miaka ya 1950 na 1960. Lugha hiyo haikukua ndani yake, amepangishwa. Mtunzi hakueleza jambo hili kwa hotuba. Ameliacha lisikike katika kinywa cha Benny, kinachoteleza kwa wepesi mno, kama cha mtu aliyekariri.

Kisha ipo Lejioni. Kiongozi wake alizaliwa akiitwa Edward Sallow. Alikuwa mwanafunzi wa Wafuasi wa Kiama, chama cha wasomi na waganga wanaojitolea, naye akatumwa nyikani pamoja na wengine kuchunguza lahaja za makabila. Katika msafara huo alikuwamo Joshua Graham, mmishenari wa Kimormoni aliyezijua lugha za huko. Walipotekwa na kabila dhaifu lililokuwa likipigana na majirani, Sallow akawafundisha watekaji wake vita alivyovisoma katika vitabu vya Warumi. Akawa Kaisari. Akayashinda makabila 86, na kila aliloshinda alilivua mila na jina, akawavika wanaume wake majina ya Kilatini na kuwafanya askari. Huyu ni mtaalamu wa lugha aliyeutumia utaalamu wake kuwa funguo ya kuingilia nyumba za watu na kuziteketeza kutoka ndani. Wahusika wa namna hii ni wachache katika fasihi yoyote, na wasomaji ambao kazi yao ni kuchunguza lugha za watu wengine wana sababu yao maalumu ya kumtazama kwa makini.

Ufundi wa mtunzi unaonekana hata katika jambo dogo la matamshi. Askari wa Lejioni hulitamka jina la bwana wao kwa namna ya Warumi wa kale, kwa sauti ya "k" mwanzoni. Raia wa Jamhuri hulitamka kwa namna ya Kiingereza cha kawaida. Hivyo msikilizaji aweza kuujua upande wa msemaji kabla hajaiona bendera yake. (Kiswahili, kwa kuwa kimelipokea neno "Kaisari" kutoka katika chimbuko hilo hilo la kale, kinajikuta kimesimama upande wa Lejioni bila ya kukusudia, anayesimulia hadithi hii kwa Kiswahili hupoteza tofauti hiyo na hana budi kuieleza kando.) Hali kadhalika, baada ya Graham kushindwa katika vita vya kwanza vya Bwawa la Hoover, Kaisari aliamuru apakwe lami, atiwe moto na kutupwa katika korongo kuu, kisha akapiga marufuku jina lake lisitajwe. Katazo hilo halikumfuta Graham. Watumwa na askari wakambuni Mtu Aliyeungua, hofu inayotembea usiku, naye akawa mkubwa kuliko alivyokuwa alipokuwa na jina.

Mifano miwili mingine inastahili kutajwa kabla ya kuyageukia mapungufu. Katika kijiji cha Novac kuna mlenga shabaha aitwaye Boone, ambaye mkewe alikamatwa na Lejioni. Anataka kujua ni nani kijijini aliyemwuza. Mchezaji akitafuta katika ofisi ya hoteli atakuta hati ya mauziano, imeandikwa kwa lugha baridi ya kisheria, ikitaja vizibo vya chupa 1000 kwa mwanamke, ambavyo ndivyo sarafu ya nchi hiyo, na nyongeza ya 500 iwapo mimba aliyo nayo itafikia kuzaliwa. Hapana mahali ambapo mtunzi anapaza sauti. Ameiacha lugha ya ukarani iseme, na ukatili wa Lejioni unaonekana katika utaratibu wake kuliko katika misalaba iliyopangwa barabarani. Katika kambi ya Golf, mkuu wa askari wa doria wa Jamhuri, Hanlon, anazighushi taarifa za vituo vya mpakani ili wakubwa wake wakate tamaa na kuuacha ugomvi ambao yeye anauona ni kuwapoteza vijana bure. Tarishi anayeligundua hilo aweza kumfichua, au anyamaze. Anayezoea kudhani kwamba mchezo wa kompyuta haumudu swali la maadili lisilo na jibu tayari na akae na Hanlon kwa muda wa robo saa.

Sasa, pale pale penye nguvu ya kazi hii ndipo penye udhaifu wake. Mchezaji hujitengenezea mhusika kwa kugawa alama: tabia saba za kuzaliwa, kuanzia nguvu hadi bahati, na stadi kumi na tatu za kujifunza, kila moja ikifika hadi 100. Miongoni mwa stadi hizo umo ustadi wa kusema. Katika Fallout 3 ya mwaka 2008, jaribio la kumshawishi mtu lilikuwa bahati nasibu, na mchezaji aliambiwa ana asilimia fulani ya kufaulu. New Vegas imeiondoa kamari hiyo. Kila kauli yenye kuhitaji ustadi huonyeshwa pamoja na kiwango chake: aliye nacho hufaulu, asiye nacho hushindwa. Na asiye nacho haonyeshwi sentensi ile ile ya fasaha, bali nyingine ya kubabaika, ya mtu anayejifanya anajua, naye aweza kuitamka akitaka kuaibika. Huu ni ucheshi mzuri, tena una ukweli. Vilevile si ustadi wa kusema pekee unaofungua kinywa. Mwenye elimu ya tiba huweza kuzungumza na tabibu kama mwenzake, na mjuzi wa baruti akasikilizwa na wenye baruti. Yaani mtunzi ametambua kwamba kila kazi ina usemi wake, na asiyeijua kazi haujui usemi.

Lakini alama ile iliyowekwa mbele ya kauli inatoboa siri yote. Mchezaji akishaona kwamba kauli fulani ina namba na kwamba yeye anayo namba hiyo, hana haja tena ya kuisoma. Ataiteua, na mlango utafunguka. Mfano ulio wazi zaidi ni kilele chenyewe cha hadithi. Jemadari Lanius, ambaye sifa zake za kutisha mchezaji amekuwa akizisikia tangu mapema, anasimama bwawani na upanga, naye aweza kurudishwa kwake bila ya pigo hata moja na tarishi mwenye ustadi wa kusema uliofika 100. Hoja anayopewa si ya kijinga: kwamba nchi ya magharibi ni pana, na jeshi litakaloiteka halitaweza kuishika wala kulishwa. Ila hoja hiyo haikutokana na jambo lolote ambalo mchezaji amelazimika kulichunguza. Aliyesafiri jangwa zima akiwasikiliza wafanyabiashara na askari, na aliyebofya tu bila ya kusoma, wote humshinda Lanius kwa maneno yale yale. Balagha imegeuzwa kuwa misuli. Katika kitendawili cha kwetu anayetega hamwulizi mwenzake ana alama ngapi. Asiyejua jibu hutoa mji. Ilimradi, mchezo umelijua jambo hili mahali pengine: kwa Boone ushahidi hutafutwa kwa miguu na macho, na ndiyo sababu kisa chake kinakaa moyoni kuliko kile cha Lanius.

Kuna mapungufu mengine ambayo hayahitaji maelezo marefu. Mchezo ulitungwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, juu ya mitambo iliyorithiwa kutoka Fallout 3, na ulipotolewa ulikuwa na hitilafu nyingi, hata kichwa cha mganga wa Goodsprings kikaonekana kwa baadhi ya wachezaji kikizunguka shingoni. Nchi inayosifiwa kuwa ya kutembea popote ina vilima vilivyozibwa na kuta zisizoonekana. Barabara ya kasino, ambayo ndiyo fahari ya hadithi, imekatwakatwa kwa malango na haina watu wa kutosha kuitwa jiji. Kosa kubwa zaidi ni la maudhui: Lejioni haikutendewa haki kisanaa. Wafanyabiashara husema kwamba mashariki ya mto Colorado, chini ya Kaisari, njia ni salama na majambazi hawapo. Dai hilo lingekuwa mtihani mkali kwa mchezaji lau angeiona nchi hiyo na watu wake wa kawaida. Haioni. Jamhuri anaiona na mashamba, kambi, kodi na rushwa zake. Lejioni anaiona katika mahema na misalaba. Kwa hiyo mjadala ambao Kaisari anauanzisha kwa kumtaja Hegel, akidai kwamba Jamhuri na Lejioni zitagongana na kuzaa jamii mpya, unabaki kuwa porojo ya msomi, maana upande mmoja wa mgongano hauna jamii.

Swali zito zaidi kuhusu lugha linaibuka katika nyongeza ya mchezo iitwayo Honest Hearts, iliyotolewa mwezi wa Mei 2011. Tarishi anafika katika bonde la Zion, Utah, ambako wanaishi makabila ya Dead Horses na Sorrows, wanaotishiwa na kabila la tatu, White Legs, linalotaka kupokewa na Lejioni. Joshua Graham yuko huko, amefungwa bendeji mwili mzima, anawafundisha Dead Horses vita. Mmishenari mwenzake, Daniel, anataka Sorrows wahamishwe ili wasijue kuua. Hapa hatimaye mchezaji anasikia lugha zilizozaliwa baada ya kiama, zilizochanganyika kutokana na masalio ya lugha kadhaa za zamani. Hazikukaririwa kutoka ukutani kama ya Wafalme, wala hazikuamriwa kama ya Benny. Katika kazi yote hizi ndizo lugha pekee zilizokua kama zinavyokua lugha, kwa watu kuishi pamoja na kuzaa watoto. Na hizi ndizo pekee ambazo mchezaji hapewi njia ya kujifunza. Stadi kumi na tatu zipo. Aweza kujua kufungua makufuli na kurekebisha roboti, lakini hakuna ustadi wa kumwelewa mwenyeji. Mtu wa kawaida wa kabila akisalimiwa hujibu kwa lugha yake, na mazungumzo yameishia hapo.

Matokeo yake ni kwamba hatima ya Sorrows inajadiliwa na wageni watatu, Graham, Daniel na tarishi, katika lugha ya wageni. Wapigane au wahame? Mchezaji huamua. Wenyewe hawaulizwi katika baraza lolote. Yawezekana kutetea kwamba mtunzi alikusudia kuwasuta wamishenari wake, maana hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyechorwa kuwa mtakatifu, na mwisho wa kila njia una hasara yake: wakihama wanaipoteza nchi, wakipigana wanaupoteza upole wao. Utetezi huo ungekuwa na nguvu zaidi kama mchezo ungempa hata mzee mmoja wa Sorrows kauli moja yenye uzito sawa na ya Daniel. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kuisoma hadithi ya watu wapole wanaohamishwa kwa manufaa yao, na wanamjua aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano.

Hata hivyo ndani ya nyongeza hiyo kuna kisa kimoja ambacho kinaonyesha mtunzi angeweza kufanya nini. Waking Cloud ni mwanamke wa Sorrows, mkunga, anayefuatana na tarishi katika mabonde. Mumewe ameuawa wakati mji wa wamishenari uliposhambuliwa. Daniel anazo habari hizo na anamficha, kwa kuhofu kwamba huzuni itamvunja moyo wakati kabila linamhitaji. Mchezaji akilijua jambo hili aweza kumwambia. Mzigo ni ujumbe wa mtu mwingine, na anayeubeba ni tarishi. Hakuna namba inayotangulia habari hiyo.